Chumba Kati ya Neema na Bahati

Mwezi uliopita chuo kilinifanyia sherehe ya kustaafu. Mkuu wa shule alisoma hotuba iliyokuwa kavu kuliko keki, na keki yenyewe ilikuwa imekaa kwenye friji tangu mahafali. Alitaja vyeo vyangu. Mimi sitavitaja, vilikuwa viwili, na cha pili hakikubadili kitu ila rangi ya koti la kazi. Ninawaandikia ninyi, Jonas na Mwanaidi, mnaochukua ukumbi baada yangu. Ninaandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichosemezana tukipiga deki, kila mtu na chake: Jonas cha Bujumbura, Mwanaidi cha Dar es Salaam, mimi cha Bukavu. Wanangu, waliozaliwa hapa Johannesburg, watasoma mistari michache kisha wataniuliza kwa Kizulu nilimaanisha nini.

Mgeni akija kwenye shule yetu ya usanifu majengo na ubunifu huonyeshwa kwanza maktaba, halafu kompyuta, halafu mashine ile inayokata mbao kwa mwanga. Ukumbi huonyeshwa mwisho, au hausemwi kabisa. Mnaujua: banda la matofali mekundu lililokuwa karakana ya mashine za migodini, roshani ya chuma upande mmoja, njiwa kwenye boriti, na sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka inateleza. Ndani hamna kitu kingine. Mara mojamoja ardhi hutikisika kidogo, kwa ajili ya yale mashimo waliyochimba huko chini, na madirisha hunong'ona kwa muda kisha hunyamaza. Mtazoea. Mimi nilizoea vingi humo isipokuwa jambo moja, na hilo nitalifikia.

Siku yangu ya kwanza sikuwa nimelala vizuri. Bukavu nilikuwa mwalimu wa useremala katika shule ya ufundi, habari ambayo hapa mjini haikumhusu mtu yeyote. Nilisuka nywele kwenye varanda ya jirani yetu, mtaa wa Bertrams, mpaka nilipopata kazi hii ya msaidizi wa karakana. Nikaingia ukumbini na kuona sakafu nzima imechorwa mistari ya buluu. Upande wa pili alikuwa amepiga magoti mzee mmoja, ameshika ncha ya uzi. Nikaikanyaga mistari nikamwendea.

Hakuinua kichwa. Alisema kwa Kiingereza cha taratibu, "Mama, umepita ukutani."

Nilidhani ananitania. Akaniomba nirudi nilikotoka, niufuate ukuta mpaka mlangoni, ndipo niingie. Nikarudi. Nilipopita pale palipochorwa mlango, nilihisi hewa imebadilika, kama mtu anayetoka juani na kuingia nyumba ya udongo. Nikajiambia ni njaa. Yule mzee alikuwa Ntate Gideon. Ntate ni baba kwa Kisotho, na sikuwahi kumwita vingine. Ndiye aliyenifundisha kazi, na kanuni yake ya kwanza ilikuwa hiyo: chaki ikishalala chini, ni ukuta.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Mwanafunzi akibuni nyumba, haitoshi aichore mezani. Anakuja nasi tunaichora sakafuni kwa ukubwa wake halisi, kila ukuta na kila mlango, kisha anaingia na kuishi humo saa nzima. Anapika bila jiko. Anamwogesha mtoto asiyekuwepo. Uzi unapakwa unga wa chaki, watu wawili wanauvuta kila mmoja upande wake, mmoja anaunyanyua katikati na kuuachia. Unalia mara moja, pa, na mstari uko chini, umenyooka. Tumieni unga wa buluu. Mwekundu hautoki, kuna kona karibu na bomba ambako mtu fulani aliutumia kabla sijafika, na mpaka leo pana choo cha watu wasiojulikana. Skwea ile kubwa ya mbao, ya kupimia pembe, msiiegemeze ukutani msimu wa mvua, inapinda. Na ndoo ya kuoshea iwe na maji ya uvuguvugu, siki kidogo.

Historia ya shule imetundikwa ofisini: picha za wanaume wenye tai. Mimi niliipata kwa Ntate Gideon, vipande vipande, wakati wa chai. Alisema ilianza kama madarasa ya kuchora kwa vijana wa migodini, katika vyumba vya kupanga huko Marshalltown, na wakati huo wote waliokaa kwenye madawati walikuwa Wazungu, sheria ikitaka hivyo. Yeye aliajiriwa akiwa kijana, kubeba mbao za kuchorea na kuosha sakafu. Walipohamia bandani alikuwapo mwalimu mmoja mwenye mguu mbovu ambaye hakuamini karatasi. Huyo ndiye aliyeanzisha chaki. Aliazima jeneza tupu kwa mtu wa mazishi, akawaamuru wanafunzi walibebe kutoka chumba cha kulala, wapite koridoni, wageuke kwenye kona, watoke nje. Nyumba ambayo jeneza halitoki, aliwaambia, haijamalizika. Jeneza lile lilikaa ukumbini miaka mingi, likatumika kuwekea mabaki ya mbao.

Siku moja, Ntate Gideon aliniambia, aliitwa apeleke chaki. Akakuta wamechora nyumba ndogo ya vyumba vinne, ile iliyojengwa safu kwa safu kule Soweto, nao wakibishana kama inaweza kupunguzwa zaidi. Yeye alikuwa ameamka ndani ya nyumba hiyo asubuhi ileile. Aliona jiko lake. Aliona kona alikolala mama yake, ambaye alikuwa mgonjwa. Akasimama nje ya mstari na kopo la chaki mkononi, na mmoja wao akamwambia aingie tu, asiogope, ni mchoro.

"Nikaingia," alisema Ntate Gideon, "nikasikia mama anakohoa."

Nilimuuliza alifanya nini. Akasema aliweka kopo chini, akatoka kwa mlango. Hakunisimulia tena habari hiyo, nami sikuiuliza tena.

Nchi ilipobadilika milango ilifunguliwa. Walikuja wanafunzi wa kila rangi, na wengine wa kutoka kaskazini kama sisi. Idara ya mavazi iliongezwa, na ya samani. Jina la shule lilibadilishwa mara kadhaa, kila jina likileta kalamu mpya zenye nembo. Haya yote niliyakuta au yalitokea mbele yangu, na kwa kweli ukumbini hayakuonekana sana. Kilichobadilika ni nyumba zilizochorwa. Watoto wa Soweto walichora zile za vyumba vinne, safari hii wakizipanua.

Kuna moja niwaambie, kwa sababu mtakutana na nyingine kama hiyo. Mwanafunzi mmoja mtulivu alileta mtihani wake wa mwisho: makumbusho, na katikati yake chumba cha jela ya zamani kwa kipimo chake kamili. Tukakichora. Mchana nilimtuma mzee Khumalo, mlinzi wa geti, akanichukulie ngazi iliyokuwa upande wa pili. Hakurudi. Nilipokwenda nikamkuta amesimama ndani ya chumba kile cha chaki, mikono ubavuni, uso ukutani. Nilimwita kwa jina, hakugeuka. Alikuwa ameingia kwa mlango kama sote tulivyomfundisha, kisha ameshindwa kutoka. Nilitaka nimvute mkono. Ntate Gideon alinizuia, akaenda mpaka mlangoni, akafanya kama anazungusha ufunguo, akavuta upande. Mzee Khumalo akatoka, akamshukuru, akaenda getini. Kuanzia siku hiyo hakuingia tena ukumbini, na chai yake tulimpelekea.

Baadaye zilikuja kompyuta, na baada ya kompyuta ile miwani inayomwonyesha mtu nyumba isiyokuwepo. Mkuu mpya akaona ukumbi hauna kazi, ugawanywe uwe ofisi. Wanafunzi wakavaa miwani, wakatembea katika nyumba hewa, wakagongana vichwa, mmoja akashonwa nyuzi. Ukumbi ukabaki. Ntate Gideon alistaafu karibu na wakati huo, na baridi iliyofuata akafariki. Tulimzika Soweto. Jumatatu nikashika uzi upande aliokuwa akishika yeye.

Sasa nifike kwenye kazi ambayo mmeniuliza mara nyingi, nami nikijifanya nina haraka.

Si mbali na Bertrams kulikuwa na jengo la zamani la ghorofa, lililokuwa la ofisi, na baadaye halikujulikana ni la nani. Watu walikaa humo, wengi wao wetu, Wakongo na Warundi na Watanzania wachache. Walikuwa wameligawa kwa mbao, mabati na mapazia. Jengo hilo liliungua asubuhi moja, jua limeshapanda, saa ambazo wenye kazi wameshakwenda kazini. Ghorofa ya juu iliteketea yote. Waliokufa walitambuliwa na kuzikwa, isipokuwa mmoja. Mwili wake ulikuwa mochwari na hakuja mtu wa kuuulizia. Alikuwa mwanamume mzima, na zaidi ya hapo moto haukuacha la kusema.

Wachunguzi walitaka kujua nani alikaa wapi. Haikuwezekana kupanda, ngazi zilikuwa zinaanguka, na hata wangepanda wangekuta majivu. Ndipo mhadhiri wetu mmoja, Dokta Thandeka, akasema ghorofa ile ichorwe ukumbini kwetu. Ninyi mnamjua: mama mwenye umbo dogo, haongei mpaka amepima. Kuta za nje alizipima mwenyewe kutoka barabarani. Kuta za ndani zilikuwa vichwani mwa watu, na watu hao wengi wao walisema Kiswahili, kwa hiyo nikawa mshika uzi na mkalimani.

Walikuwa wakiletwa na kombi kutoka ukumbi wa kanisa walikohifadhiwa. Mwanzoni waliona haya. Mtu anasimama mahali, ananyoosha mikono kuonyesha upana wa chumba, anacheka kidogo, nasi tunapiga uzi. Lakini chumba kikishapata kuta zake kicheko kinakoma. Mwanamke mmoja wa Uvira aliingia kwake, akaketi chini, akafungua kilemba akakikunja magotini, kama mtu aliyefika nyumbani baada ya kazi. Hatukuweza kumtoa mpaka kombi lilipopiga honi. Huyo alikuwa Neema, msusi, mwenye mtoto wa mgongoni.

Neema alisema jirani yake upande wa madirisha ni Bahati. Bahati alikuwa fundi cherehani wa Lubumbashi, kijana mchangamfu, na yeye akasema jirani yake upande wa ngazi ni Neema. Walikuwa wakisemezana kupitia ukuta, yeye akishona na Neema akisuka. Tukapiga uzi wa ukuta wa Neema. Tukapiga uzi wa ukuta wa Bahati. Mistari haikukutana. Katikati ilibaki nafasi ya kitanda na mlango.

Nililaumu uzi. Nikalaumu futi, nikaleta nyingine. Dokta Thandeka alikwenda tena barabarani kupima ukuta wa nje, akarudi, akasema kipimo ni kilekile. Tukawauliza watu wote wa ghorofa ile, mmoja mmoja. Mwingine alisema labda palikuwa stoo. Mwingine alisema hapana, hapakuwa na kitu, ni Neema halafu Bahati. Wote walikuwa na hakika. Nikataka kufunga ile nafasi kwa mstari mmoja ili kazi iendelee, Dokta akaniambia niache palivyo. Pakabaki saruji tupu, kama jino lililong'oka.

Ulikuwa mwezi wa nane, pepo za vumbi. Mnajua vumbi la yale marundo ya migodini linavyoingia chini ya milango, jororo na la njano. Jumatatu moja sakafu ilikuwa nalo, na watu walikuwa wametembea juu yake tangu asubuhi. Dokta Thandeka alikuwa roshanini. Akaniita nipande, akanionyesha kwa kidole, bila neno.

Kutoka juu nyayo zilionekana zote. Watu walikuwa wakipita korido ya chaki kutoka kwenye ngazi kwenda vyumbani mwao, na nyayo zao zilikwenda sawa, sawa, mpaka kwenye ile nafasi. Hapo zilipinda. Zote. Zilikwepa kwenda ukuta wa pili, zikapita, kisha zikarudi katikati, kama maji yanavyozunguka jiwe. Jiwe halikuwapo. Nikashika chuma cha roshani. Wakati huohuo wanaume wawili walikuwa wakipita chini wakibishana habari za mpira, na walipofika pale sauti zao zikashuka, wakanong'ona hatua chache, halafu ubishi ukaendelea kwa sauti ileile ya kwanza. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Dokta aliniomba nishuke nitembee na Neema, kama majirani wanaotoka sokoni, na nisimwambie kitu. Nikashuka. Tukaanzia kwenye ngazi. Neema alikuwa akinisimulia habari za mteja wake aliyetaka nywele za rangi mbili kwa ajili ya harusi, na alikuwa akisimulia kwa furaha. Tulipofika pale alishusha sauti, akashika kitenge chake kwa mkono, akapiga hatua ya pembeni.

"Mama Neema," nikamwuliza, "unakwepa nini?"

"Viatu," akasema.

"Viatu vya nani?"

Akafungua kinywa. Alitazama chini, penye saruji tupu.

"Vya ule mwenye kulalaka," akasema. "Hapa tunanyamazaka, Mama Espé. Kuna mtu analala."

Baada ya hapo yalitoka yote, kwake na kwa Bahati, ambaye alikuja akaketi sakafuni. Palikuwa na mtu. Alikuja miezi michache kabla ya moto. Alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku mahali fulani mjini. Alitoka wengine wakirudi na alirudi wengine wakitoka, na mchana kutwa alilala. Chumba kilikuwa kidogo mno, mabuti yake ya kazi aliyaacha nje ya mlango, koridoni, na kila mtu aliyapita kwa kukwepa. Jina hawakulijua. Alikuwa mtu wa Tanzania, Neema alisema, Kiswahili chake kilikuwa cha redio. Alisalimu kwa adabu na kuomba radhi kwa kuwa na usingizi mwepesi. Kwa ajili yake wale majirani wawili waliacha kusemezana kupitia ukuta. Bahati alisema alikuwa akimsikia akikoroma, na kwamba mlio ule ulimfaa kushonea. Kisha moto ukaja, kila mtu akawahesabu wa kwake, na huyu hakuwa wa mtu yeyote.

Nilikuwa nikimtafsiria Dokta Thandeka sentensi kwa sentensi. Halafu Neema akasema jambo ambalo nilikawia kulitafsiri.

"Nilipita mlangoni pake," alisema. "Mtoto mgongoni, moshi nyuma yangu. Sikugonga. Watu wote walikuwa wanakimbia na kulia, na mie nilikuwa nakimbia. Lakini pale nilipita polepole, Mama Espé. Nilikwepa viatu, nikapita polepole, nisimwamshe."

Dokta aliuliza amesema nini. Nikamwambia. Akavua miwani, akaishika, akaivaa tena. Kisha akaniomba kwa sauti ndogo nikichore chumba. Bahati ndiye aliyeshika ncha ya pili ya uzi. Ukalia pa, na mistari ya Neema na ya Bahati ikapata kilichokuwa kati yake.

Yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko nilivyotarajia. Watanzania wa msikiti mmoja mjini waliulizia kwa walinzi wa usiku, wakampata msimamizi wa maegesho ya magari huko Marshalltown aliyekuwa na mtu wa Tanga aliyeacha kuja kazini. Walidhani amekwenda Cape Town, vijana huenda Cape Town bila kuaga. Aliitwa Bakari. Simu yake ilikuwa haipatikani, na nyumbani kwao walidhani amekasirika, kwa kuwa mara ya mwisho walikuwa wamegombana juu ya kiwanja. Kaka yake, Hassani, akaja. Alitolewa damu, ikalinganishwa, ikakubali. Bakari akasaliwa na kuzikwa hapahapa Johannesburg, kwa jina lake.

Ramani ilikuwa bado iko sakafuni. Mitihani ilikaribia na mkuu wa shule akauhitaji ukumbi. Alikuja mwenyewe kumwambia Dokta Thandeka, akikata moja kwa moja, akipita kuta zote kama kawaida yake, akiongea njia nzima. Hakuwa amekuwapo siku zile na hakuna aliyekuwa amemsimulia habari za viatu. Alipofika mbele ya chumba cha Bakari alishusha sauti katikati ya neno, akapiga hatua ya pembeni. Kisha akasimama akatazama miguu yake mwenyewe. Akasema, basi, ukumbi ukae hivyo mpaka ndugu wa marehemu apaone. Akatoka kwa mlango.

Nawaambieni hili kwa sababu ninyi mtaachwa nalo. Nimeosha sakafu ile mara nyingi tangu wakati huo, kwa maji ya uvuguvugu na siki, na chaki ilitoka yote. Bado huwaona wanafunzi wa mwaka wa kwanza, watoto wasiojua lolote, wakifika mahali fulani katikati ya ukumbi wakashusha sauti. Msiwaulize. Ardhi ya mji huu ina mengi chini yake, na mimi ni seremala tu.

Hassani alikuja alasiri moja, siku mbili kabla ya safari yake ya kurudi. Umeme ulikuwa umekatwa kwa zamu na wingu la mvua ya mawe lilikuwa limesimama upande wa magharibi, hivyo ukumbi ulikuwa na mwanga wa majimaji, na mistari ya buluu ilionekana kama imeinuka kidogo kutoka sakafuni. Alikuwa mtu mrefu, mtu wa makamo, amevaa kanzu na koti la kuazima. Alinipa shikamoo, nikaona aibu, maana kwetu Bukavu hatuna salamu hiyo na sijawahi kuijibu vizuri. Neema alikuwa ameomba awepo. Alikuwa ameniambia kwanza nimweleze huyo kaka kila kitu, kisha akabadili nia, akasema atamweleza mwenyewe.

Akamweleza. Walisimama kwenye ngazi ya chaki, yeye akiongea na kutazama pembeni, mtoto amelala mgongoni. Hakuacha kitu: mabuti, moshi, hatua zake za polepole. Hassani alisikiliza mpaka mwisho. Alivua viatu vyake, akatembea korido ile peke yake, hakuna aliyemwonyesha, akafika mbele ya mlango akasimama upande, si mbele ya uwazi, kama wanavyofundishwa watu waliolelewa vizuri, ili macho yasitangulie kuingia nyumba ya mtu.

"Hodi," akasema.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Njiwa mmoja alijikuna juu ya boriti. Hassani alingoja kwa adabu, kichwa ameinamisha, kisha akageuka kwa Neema.

"Dada," akasema, "njoo tugonge."

Neema alitikisa kichwa. Hassani hakumvuta wala hakurudia; alinyoosha mkono tu kuonyesha mahali pa kusimama, kando yake. Baada ya muda Neema akaja. Alitembea katikati ya korido, na alipofika penye mabuti hakukwepa. Wakasimama pamoja, wakasema kwa pamoja, yeye akitangulia kidogo na Neema akifuata, "Hodi." Wakangoja tena. Nje mvua ilianza kupiga bati, tone moja moja zito. Neno la karibu lilikuwa kooni mwangu, nikaona Dokta Thandeka, ambaye hajui Kiswahili, naye ameshika mdomo.

Mara ya tatu Hassani hakusema kitu. Alimtazama Neema.

Neema akavuta pumzi, akaita. Aliita kwa sauti ya mtu anayeamsha jengo zima, hodi, mpaka mtoto akashtuka mgongoni na kulia, mpaka njiwa wote wakaruka kutoka kwenye boriti na ukumbi ukajaa mbawa. Sikuwahi kusikia mtu akipaza sauti mahali pale. Kisha mbawa zikatulia, mtoto akatulia, nasi tukabaki tukisikiliza, sote, kuelekea kwenye kile kitanda cha saruji.

Hassani alingoja kadiri anavyohitaji mtu aliyelala kuamka na kutafuta shati lake. Hakuingia. Akamgeukia Neema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Basi, dada," akasema. "Tumegonga."